Hojaji, kuwaangalia au kuwachezesha: njia ipi ya kupima hisia na mahusiano ya watoto wa awali

Anayetaka kujua watoto wa darasa la awali Mbeya, Iringa au Njombe wanakuaje kihisia na kijamii, awe mwanafunzi anayeandaa tasnifu, mwalimu au afisa ustawi wa jamii, mara nyingi hukimbilia hojaji kwa sababu ndiyo iliyotumiwa na aliyemtangulia. Si chaguo baya. Lakini hojaji inapima kile mtu mzima alichokiona na kukikumbuka. Ziko njia nyingine tatu zinazotumika sana: kukaa pembeni na kuwaangalia watoto wakicheza, kumwita mmoja mmoja na kumpa mchezo wa majaribio, na kuwauliza watoto wenyewe nani wanapenda kucheza naye.

Msimamo wetu ni huu. Mwenye mwezi mmoja, shule mbili au tatu na nauli ya daladala, achukue hojaji ya mwalimu na kuwaangalia watoto wakati wa mapumziko. Michezo ya majaribio ifanywe pale tu swali linapohusu umri au tofauti kati ya makundi, isitumike kumhukumu mtoto mmoja. Kuwauliza watoto kuhusu wenzao kuna faida zake, ila ndiyo njia rahisi kuliko zote kumuumiza mtoto bila kukusudia.

Hojaji

Inayotumika zaidi ni ile inayojulikana kwa kifupi kama SDQ (Strengths and Difficulties Questionnaire, yaani hojaji ya uwezo na matatizo ya mtoto), iliyotolewa na Robert Goodman mwaka 1997. Ina vipengele 25 katika mafungu matano ya vipengele vitano vitano: hisia, tabia, kutotulia, matatizo na wenzake, na wema kwa wengine. Kila kipengele kinajibiwa si kweli, kweli kiasi au kweli kabisa, yaani 0, 1 au 2. Jumla ya matatizo hupatikana kwa mafungu manne ya kwanza, hivyo ni kati ya 0 na 40. Fungu la wema husomwa peke yake. Ipo ya mzazi na ya mwalimu kwa watoto wa miaka 4 hadi 17, na mtoto mwenyewe anaweza kujijazia kuanzia miaka 11. Tafsiri ya Kiswahili ipo tayari. Tumia hiyo hiyo bila kurekebisha sentensi, maana haki zake zimehifadhiwa, na ukibadilisha maneno huwezi tena kulinganisha alama zako na za wengine.

Kosa linaloharibu data nyingi kuliko yote liko kwenye kujumlisha. Vipengele vya 7, 11, 14, 21 na 25 vinaeleza mambo mema (utii, kuwa na rafiki angalau mmoja, kupendwa na wenzake, kufikiri kabla ya kutenda, kumaliza alichoanza) lakini vimo ndani ya mafungu ya matatizo. Hapo "kweli kabisa" ni 0 na "si kweli" ni 2. Usipovigeuza, mtoto asiye na tatizo hata moja anatoka na alama 10, na mwenye matatizo mengi anapoteza hadi alama 10. Tofauti kati ya watoto inapungua, halafu mtafiti anaandika kwamba "hakuna uhusiano uliobainika". Kabla ya uchambuzi wowote, chukua fomu tano na uzijumlishe kwa mkono, kisha ulinganishe na kompyuta.

La pili ni mipaka ya alama. Kwa mzazi, 17 na kuendelea huitwa kiwango cha juu. Kwa mwalimu ni 16. Mipaka hiyo iliwekwa Uingereza ili takriban mtoto mmoja kati ya kumi wa kule aangukie humo. Ukiichukua jinsi ilivyo na kutangaza asilimia ya watoto wenye matatizo Mbozi au Kilolo, umepima watoto wako kwa rula iliyokatwa kwa ajili ya wengine. Tumia alama kama zilivyo, linganisha makundi yaliyo ndani ya sampuli yako, na neno "ugonjwa" usiliandike.

La tatu ni nani anajibu. Hojaji inauliza kuhusu miezi sita iliyopita. Njombe, mkoa ambao kwa miaka mingi umeongoza Tanzania Bara kwa maambukizi ya VVU, watoto wengi wanalelewa na bibi. Wapo pia wanaohamishiwa kwa shangazi mjini, Makambako au Mafinga, ili waanze shule Januari. Ukifika Machi, huyo shangazi hana miezi sita ya kusimulia. Kwa hiyo swali la kwanza mlangoni lisiwe "mama yupo?" Uliza nani amelala nyumba moja na mtoto tangu miezi sita iliyopita. Jibu likiwa "hakuna mmoja", andika hivyo pembeni ya fomu.

Kwa mlezi asiyesoma, msomee. Tatizo ni kwamba watu wengi hujibu ndiyo au hapana, na lile jibu la katikati linapotea. Njia inayosaidia ni kuuliza kwa hatua mbili: kwanza "yuko hivyo au hayuko hivyo?", na akisema yuko, "kidogo au sana?" Fanya hivyo kwa walezi wote, wanaosoma na wasiosoma, na ukieleze kwenye sura ya mbinu. Panga robo saa kwa kila mlezi. Mwalimu anayejaza mwenyewe humaliza fomu moja kwa kama dakika tano, lakini usimpelekee mwalimu wa darasa la watoto 80 fomu 80. Baada ya fomu kadhaa ataanza kujaza "kweli kiasi" mstari mzima. Chukua kitabu cha mahudhurio, chagua kwa kura jina moja kati ya manne ya kwanza, kisha kila jina la nne baada ya hapo. Unapata watoto 20, na unamwachia mwalimu fomu tano kwa siku.

Na hata ukifanya yote hayo, hojaji ina upofu wake. Watu wazima huona haraka mtoto anayepiga wenzake kuliko yule mwenye hofu. Mtoto mkimya anayeinamisha uso mbele ya mkubwa, akaamkia na kukaa pembeni, Rungwe au Kilolo anaitwa mwenye adabu, na pengine ndivyo alivyo. Fomu haiwezi kumtenganisha na yule aliyenyamaza kwa woga. Ukitaka kuwatenganisha hao wawili, twende uwanjani.

Kuwaangalia wakicheza

Njia hii ni kongwe. Mildred Parten, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1932 kule Marekani, aliwaangalia watoto wa chekechea dakika moja moja na kuwagawa kwa namna sita: asiyeshughulika na lolote, anayecheza peke yake, anayetazama wengine, anayecheza sambamba na mwenzake bila kuungana naye, anayechangamana, na anayeshirikiana kwa lengo moja. Orodha hiyo bado inafaa kuanzia, ila usiisome kama ngazi, juu wema na chini wabaya. Mwaka 1994 Robert Coplan, Kenneth Rubin na wenzao walionyesha kwamba kuwa peke yako kuna aina zake. Mtoto anayejenga nyumba ya matope kimya kimya si sawa na yule anayezunguka pembeni akitazama wenzake na kutojiunga. Huyo wa pili ndiye anayehusishwa na wasiwasi, na ndiye ambaye fomu ya mwalimu humkosa.

Hesabu ya kazi ni hii. Chukua watoto wale wale 20 wa hojaji. Mwangalie mmoja kwa sekunde 10, andika kwa sekunde 20, nenda kwa anayefuata. Raundi moja ni dakika 10, hivyo mapumziko ya uji ya nusu saa yanatosha raundi tatu. Siku 10 za shule zinakupa vipande 30 kwa kila mtoto. Ni dakika tano tu za kumtazama kwa jumla, lakini zimesambaa wiki mbili, na hiyo ni bora kuliko kumkazia macho nusu saa siku aliyoamka na mafua. Badilisha mpangilio wa majina kila raundi, la sivyo wa kwanza kwenye orodha ataonekana siku zote akiwa bado na kikombe mkononi.

Njia hii haikamati ugomvi. Helen Dawe alipochambua magomvi 200 ya watoto wa chekechea mwaka 1934, aligundua kwamba kwa wastani ugomvi hudumu chini ya nusu dakika. Kwa vipande vya sekunde 10 utaukosa karibu wote. Kama ugomvi ndio swali lako, acha saa na uandike kila tukio: nani alianza, waligombea nini, uliishaje, na kama mtu mzima aliingilia.

Sasa mambo ya huku. Juni na Julai, asubuhi ya Makete au Njombe, watoto husimama wakiwa wameegemea ukuta wanaota jua. Mwangaliaji asiyejua mazingira atajaza "hashughuliki" darasa zima na kuondoka na picha ya watoto wapweke. Andika hali ya hewa kwenye kila karatasi, na ikiwezekana angalia kuanzia saa nne jua likishapanda. Masika nayo yanafungia watoto darasani au barazani, na wakibanana hivyo, kucheza sambamba kunaongezeka kwa sababu ya nafasi tu. Usilinganishe shule A iliyoangaliwa Machi na shule B iliyoangaliwa Agosti.

Ukiwaangalia nyumbani badala ya shule, orodha ya Parten inapungukiwa. Msichana wa miaka saba mwenye mdogo wake mgongoni, anacheza mdako huku akimbembeleza, utamweka fungu gani? John na Beatrice Whiting walipolinganisha watoto wa jamii sita, zikiwemo familia za Wagusii wa Nyansongo nchini Kenya, waliona kwamba watoto wanaopewa ulezi na kazi za nyumbani huonyesha zaidi tabia ya kujali na kuwajibika. Kwa hiyo ongeza fungu lako la "analea" na jingine la "anafanya kazi pamoja na wenzake". Ukiyaacha, sehemu kubwa ya ukuaji wa kijamii wa mtoto wa Rungwe haitaonekana kwenye takwimu zako.

Lazima wawepo waangaliaji wawili kwa angalau sehemu ya vipande, kila mmoja na karatasi yake, bila kunong'onezana. Na usiridhike na asilimia ya kukubaliana. Tuseme mmeangalia vipande 100, na kila mmoja ameandika "anatazama tu" mara 10. Mmekubaliana mara 4 kwamba anatazama, na mara 84 kwamba hatazami. Mmekubaliana asilimia 88, inapendeza. Lakini kwa bahati tu mngekubaliana asilimia 82, kwa sababu tukio lenyewe ni adimu. Kappa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, inatoa hiyo bahati: 0.88 toa 0.82, gawanya kwa 0.18, unapata 0.33. Hiyo ni ndogo mno. Rudini mkae muelewane maana ya kila fungu, mfanye mazoezi siku nyingine mbili. Lenga 0.7.

Siku mbili za kwanza data zake zitupwe. Watoto watakuzunguka, wataamkia kwa pamoja, watataka kuona unaandika nini. Kaa sehemu ile ile, usigawe pipi, usitoe simu. Siku ya tatu wanakuwa wamekuzoea.

Michezo ya majaribio

Hapa mtoto anaitwa peke yake na kupewa kazi ileile waliyopewa wengine. Faida yake ni usawa wa kipimo. Hasara yake ni kwamba mtoto wa miaka mitano anayeongea Kinyakyusa au Kihehe nyumbani, akikaa mbele ya mgeni anayemuuliza kwa Kiswahili cha shule, anaweza kunyamaza kwa sababu zisizohusiana na kile unachopima.

Kwa uelewa wa mawazo ya wengine, kipimo kinachojulikana ni cha imani isiyo sahihi, kilichoanzishwa na Heinz Wimmer na Josef Perner mwaka 1983. Kwa vifaa vya hapa: mwanasesere Rehema anaweka kiazi kwenye kikapu, anaondoka kwenda kuteka maji. Tumaini anakitoa, anakificha kwenye sufuria. Rehema anarudi. Muulize mtoto: "Rehema atatafuta kiazi wapi kwanza?" Kisha maswali mawili ya kuhakiki: mwanzoni alikiweka wapi, na sasa kiko wapi? Anayekosea ya kuhakiki hahesabiwi, maana hakufuata hadithi. Watoto wengi huanza kupata jibu sahihi wakiwa na miaka minne hivi, na tafiti 178 zilizokusanywa na Henry Wellman na wenzake mwaka 2001 zinaunga mkono hilo. Kwa kuwa vyombo ni viwili tu, anayebahatisha anapata nusu ya mara. Watoto 9 kati ya 16 waliopatia hawakuambii kitu. Tumia hadithi mbili au tatu tofauti.

Wanasesere si lazima. Jeremy Avis na Paul Harris, katika utafiti wa mwaka 1991 kwa watoto wa jamii ya Baka nchini Kameruni, walitumia watu halisi na chakula kilichohamishwa chunguni, na waliofanya jaribio walikuwa wa jamii yenyewe. Wengi wa watoto wakubwa walipatia. Huo ndio mfano wa kufuata: mfundishe mtu anayeongea lugha ya nyumbani ya mtoto, wewe ukae nyuma.

Kipimo cha kusubiri (pipi moja sasa, au mbili ukisubiri nirudi) ndicho kinachopendwa na wengi na ndicho tungekiepuka. Walter Mischel alikianzisha kwa watoto wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, na kikapata sifa ya kutabiri maisha ya mtoto. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walirudia uchambuzi kwa watoto zaidi ya 900. Walipozingatia hali ya familia na uwezo wa awali wa mtoto, uhusiano ulipungua kwa kiasi kikubwa. Celeste Kidd na wenzake walikuwa wameshaonyesha mwaka 2013 kwamba mtoto aliyeahidiwa na mtu mzima kisha akatimiziwa alisubiri wastani wa dakika 12, na aliyedanganywa dakika 3. Basi unapima subira, au unapima kama mtoto amezoea watu wazima wanaotimiza ahadi? Watoto wa Wanso wa Kameruni walisubiri kuliko wa Ujerumani, na wa Japani walisubiri chakula kuliko zawadi wakati wa Marekani walikuwa kinyume. Huku kwetu mtoto anayeambiwa na "mwalimu" asile, hatakula. Umepima utii.

Picha za nyuso nne (furaha, huzuni, hasira, hofu) ni rahisi na hazichoshi. Zinafaa kama kazi ya kwanza ya kumlegeza mtoto. Muombe aonyeshe kwa kidole kabla ya kumtaka ataje jina la hisia, kwa sababu kutaja ni kugumu zaidi.

Kuwauliza watoto kuhusu wenzao

Kwa utaratibu uliosambazwa na John Coie, Kenneth Dodge na Heidi Coppotelli mwaka 1982, kila mtoto anataja watatu anaopenda kucheza nao na watatu asiopenda, na kutokana na hayo darasa linagawanyika: wanaopendwa, wanaokataliwa, wanaosahaulika, wanaopendwa na baadhi na kuchukiwa na wengine, na wa wastani. Ni njia pekee inayotofautisha aliyekataliwa na aliyesahaulika. Lakini inahitaji darasa karibu zima lishiriki, na katika darasa la watoto 80, majina matatu hayatoshi kumfikia kila mtu. Swali la "nani humpendi" ndilo linalotoka nje ya chumba na kurudi uwanjani kama wimbo wa kumzomea mtu. Kwa darasa la awali, liache. Tumia picha za watoto na nyuso tatu za kuchagua kwa kila picha, na umalize kila mahojiano kwa mchezo mwingine kabla ya kumrudisha mtoto.

Walio chini ya miaka mitatu

Hapa wengi huuliza kuhusu jaribio la Mary Ainsworth la kumtenganisha mtoto na mama mbele ya mgeni. Ainsworth alianzia Uganda mwaka 1954, kwa kutembelea nyumba za familia 26. Jaribio la vipande vinane, vingi vya kama dakika tatu, lilikuja baadaye, Baltimore. Usilifanye bila mafunzo rasmi ya kusoma video. Zaidi ya hapo, mtoto anayebebwa mgongoni siku nzima anaweza kushtuka kupita kiasi akiachwa, na matokeo yakasomwa vibaya, jambo lililojitokeza Japani. Kutembelea nyumbani na kutumia kadi za Everett Waters na Kathleen Deane, zinazoeleza tabia za mtoto kwa mlezi wake, kunafaa zaidi, mradi kadi zipangwe na mwangaliaji, si na mama. Ukihitaji kipimo cha ukuaji wa jumla chenye sehemu ya kijamii, angalia MDAT iliyotengenezwa Malawi, jirani kabisa na Kyela.

Kabla ya kuingia shuleni

Barua ya chuo, kibali cha mkoa, cha mkurugenzi wa halmashauri, afisa elimu kata, kisha mwalimu mkuu. Ridhaa ya mlezi kwa maandishi au dole gumba, na mtoto naye aulizwe kama anataka; akisema hapana, au akinyamaza akitazama mlango, mwache. Kabla ya siku ya kwanza, patana na afisa ustawi wa jamii utafanya nini mtoto akieleza kupigwa au kuchezewa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka utoe taarifa, na namba 116 ipo kwa ajili ya watoto. Fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba siri ina mpaka huo.

Majibu yakipingana

Yatapingana. Thomas Achenbach na wenzake, walipokusanya tafiti 119 mwaka 1987, walikuta uhusiano kati ya majibu ya watu wanaomwona mtoto katika mazingira tofauti, kama wazazi na walimu, ni wastani wa 0.28 tu, ambapo 1 ni kulingana kabisa. Kwa hiyo mwalimu akimpa mtoto alama ya juu ya kutotulia na bibi akampa sifuri, usikimbilie kusema mmoja amedanganya, na usichukue wastani wao. Bibi anamwona mtoto anayekimbia shambani na kuchota maji. Mwalimu anamwona akiwa amebanwa sakafuni na wenzake 79. Weka safu mbili kwenye jedwali, ya nyumbani na ya shuleni, uzichambue kila moja peke yake. Kisha toa karatasi za mapumziko ya uji, utafute vipande 30 vya mtoto huyo, uone uwanjani alikuwa wapi na akina nani.